Usimpige nondo kandambili, mwandike kwenye daftari

Ilikuwa katikati ya Novemba ya mwaka juzi, wiki ile mvua za kwanza zinapogusa Tabora na kumbikumbi kujaa kwenye taa za nyumba. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni, ukarudi saa mbili usiku. Binti yangu, wakati huo ana miaka tisa, alitoka barazani na beseni kuokota kumbikumbi. Hakukaa hata dakika moja. Alirudi mbio, beseni tupu.

"Baba, kuna popo ukutani. Ana uso mgongoni!"

Nilitoka na tochi ya simu. Chini ya taa alikuwa ametulia mdudu mkubwa, karibu kujaa kiganja changu, mabawa ya kahawia yenye michirizi kama gome la mti. Nyuma ya kichwa, pale ambapo kwa mtu tungesema mabegani, palikuwa na alama ya rangi ya krimu: matundu mawili ya macho, na chini yake kitu kama taya. Fuvu la kichwa cha mtu.

Mama mkwe wangu, bibi wa watoto, alikuwa ametoka kulazwa hospitali siku mbili kabla. Alichungulia mlangoni, akavuta kanga yake vizuri mabegani.

"Mwanangu, muue huyo. Mdudu mwenye kichwa cha maiti haji kwa heri kwenye nyumba yenye mgonjwa."

Mbele ya mama mkwe, mkwe hana mjadala. Nilivua kandambili, nikainua mkono. Yule mdudu akafungua mabawa, tumbo lake la manjano lenye mistari myeusi likaonekana, kisha akatoa sauti. Mlio mkali, kama panya aliyebanwa na mlango.

"Baba, usimpige! Analia!"

Nilisita. Katika kusita huko nikampiga picha moja, taa ikiwa nyuma yake. Akaruka, akapotelea gizani upande wa miembe. Bibi aliingia ndani bila kusema neno, na nadhani usiku ule hakulala vizuri. Mimi pia sikulala vizuri.

Nimeandika makala haya kwa sababu ya mambo mawili niliyojifunza baadaye. La kwanza, mdudu yule hakuja kwa ajili ya mtu yeyote nyumbani kwetu. La pili, nilikuwa na nafasi ya kuweka kumbukumbu ya mgeni ambaye watu wengi huishi bila kumwona, nami nikaipoteza kizembe.

Huyu mgeni ni nani?

Ukitaja nondo hapa mjini, fundi ujenzi atakuuliza unataka za milimita ngapi. Lakini kwenye Kiswahili nondo ni mdudu pia: ndugu wa kipepeo, ambaye kwa kawaida huruka usiku. Duniani zimeelezwa aina zipatazo 160,000 za nondo, wakati vipepeo wa mchana hawafiki hata 20,000. Yaani kwa kila kipepeo unayemwonyesha mtoto bustanini, kuna nondo kadhaa ambao hamjawahi kuonana nao kwa sababu mmelala.

Nondo mwenye fuvu anaitwa kitaalamu Acherontia atropos. Jina la pili alipewa na Carl Linnaeus wa Sweden mwaka 1758, na ni wazi kwamba naye alama ile ilimgusa. Atropos, katika hadithi za Wagiriki wa kale, ni yule anayekata uzi wa uhai wa mtu. Acheron ni mto wa kuzimu. Kwa hiyo bibi wa watoto wangu hakuwa peke yake. Ulaya nako watu waliogopa fuvu lile kwa karne nyingi.

Ukweli wake ni wa kawaida zaidi. Mabawa yakifunguliwa hufika kati ya sentimita 9 na 13. Hana mwiba, hana sumu, haumi. Mlio ule anautoa kwa kuvuta hewa kupitia koo lake na kuisukuma nje tena, mfano wa mtu anayepuliza filimbi. Hulia hivyo anapobughudhiwa. Kwa maneno mengine, binti yangu alikuwa amesema kweli kuliko sisi watu wazima: mdudu alikuwa anaogopa.

Mwizi wa asali katika mji wa asali

Jirani yetu ni mzee anayerina asali. Mizinga yake ipo porini, upande wa Sikonge. Nilipomsimulia, alicheka hadi akakaa chini.

"Huyo namfahamu. Huyo ni mwizi."

Ni kweli. Nondo huyu ana mrija mfupi na mgumu wa kunyonyea, tofauti na nondo wengine wenye mirija mirefu ya kufikia ndani ya maua. Kwa mrija huo hutoboa vifuniko vya nta kwenye masega na kunyonya asali. Huingia mzingani usiku, katikati ya maelfu ya nyuki, na mara nyingi hutoka salama. Wanasayansi waliochunguza ngozi yake walikuta ina harufu inayofanana na ya nyuki wenyewe. Gizani, nyuki humpita wakidhani ni mwenzao. Akigundulika, huchomwa, na mizoga ya nondo hawa huonekana ndani ya mizinga.

Sasa fikiria Tabora. Tupo katikati ya miombo, misitu ya mitundu na mininga ambayo imeufanya mkoa huu ujulikane kwa asali. Kwa mwizi wa asali, hapa ni kama kuhamia karibu na soko.

Kuna la ziada. Kiwavi wa nondo huyu ni mkubwa kuliko kidole cha mtu mzima, wa kijani, manjano au kahawia, na ana kipembe kwenye mkia. Hula majani ya mimea ya jamii ya viazi mviringo: bilinganya, nyanya, na tumbaku. Mkoa wetu umelima tumbaku kwa miongo mingi. Zao lile lile ambalo kuni za kulikaushia kwenye mabani hupunguza misitu ya nyuki, linaweza pia kumlisha mtoto wa mwizi wa nyuki. Mambo ya shamba hayana mstari mmoja ulionyooka, na ni vizuri watoto walijue hilo mapema.

Akikua, kiwavi hushuka ardhini na kujichimbia, akawa pupa. Anayelima bustani nyuma ya nyumba anaweza kumfukua bila kujua ni nini. Nondo jamaa yake, anayependa majani ya viazi vitamu, ndiye hutuachia pupa lenye kitu kama mkono wa birika upande wa mbele. Familia nyingi hapa hupanda viazi kwa ajili ya matembele na michembe, kwa hiyo pupa hilo huonekana kirahisi zaidi. Mkono ule wa birika ndani yake kuna mrija wa kunyonyea wa nondo atakayetoka. Mwonyeshe mwanao, kisha mlirudishe udongoni.

Nadra ni mdudu, au nadra ni kalamu?

Mzee wa asali aliponiuliza, "Mlimwona lini?" nilijibu, "Katikati ya Novemba." Binti akasema ilikuwa Jumanne. Mama yake akasema hapana, ilikuwa Alhamisi, siku aliyokuwa amesuka. Nikatoa simu nionyeshe picha ili tarehe ituamue. Picha haikuwepo. Mwezi wa Januari simu ilijaa video za makundi ya WhatsApp, nikaisafisha usiku mmoja nikiwa na usingizi, na nondo wetu akaondoka pamoja na video za harusi za watu nisiowajua.

Hapo ndipo nilipoanza kulifikiria neno "nadra". Nondo huyu anapatikana karibu Afrika yote. Kila mwaka baadhi yao huruka kutoka Afrika, wakavuka bahari hadi Ulaya. Uingereza, ambako hawezi kustahimili baridi ya majira yote, akionekana mmoja tu kwenye shamba la viazi huwa ni habari ya gazeti la mtaa. Mwaka 2022 watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia nondo 14 wa aina hii. Waliwabandika vitoa mawimbi vidogo mgongoni, kisha wakaruka nyuma yao kwa ndege ndogo usiku, kutoka Ujerumani kuelekea milima ya Alps. Waligundua kuwa nondo hao hushika njia iliyonyooka hata upepo ukiwasukuma pembeni. Mmoja alifuatwa kwa kilomita zipatazo 80.

Nondo mmoja, ndege moja, kilomita 80. Na sisi tuliokuwa naye ukutani, umbali wa mkono, hatuna hata tarehe.

Mara nyingi mdudu huitwa nadra mahali fulani kwa sababu kweli ni wachache. Lakini mara nyingine huitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyeandika. Kwenye ramani za kumbukumbu za viumbe, miji ya Ulaya imejaa vidoti kama surua. Sehemu kubwa za Afrika zipo wazi. Uwazi huo hausemi kwamba hakuna nondo. Unasema hakuna daftari.

Mji uliopitiwa na wenye madaftari

Watoto wa Tabora hawana sababu ya kuona uandishi wa kumbukumbu kama jambo la mbali. Mji wao umejaa historia ya watu waliopita wakiandika.

Burton na Speke walifika Kazeh, ambayo ni Tabora hii, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya kutembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Tunajua siku hiyo kwa sababu waliandika. Speke aliporudi mwaka 1861 akiwa na James Grant, walikuwa wakikusanya ndege, wanyama na mimea njiani, wakakausha na kufunga. Waliobeba mizigo kwenye njia ile walikuwa wapagazi, na Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wote kwa kazi hiyo. Mpagazi alijua mti gani una asali, ndege gani hulia kabla ya mvua, mdudu gani huliwa. Lakini kwenye makaratasi yaliyofika Ulaya, jina lililobaki kwa kawaida lilikuwa la mwenye daftari. Mwenye macho alisahaulika.

Nao walikuwepo Waafrika walioshika kalamu wenyewe. Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wenzake waliubeba mwili wake hadi pwani, wakipita hapa Unyanyembe. Miongoni mwao alikuwa Jacob Wainwright, kijana aliyekuwa mtumwa akakombolewa na kusomeshwa India. Yeye alichonga maandishi na tarehe kwenye mti ulipozikwa moyo wa Livingstone, na aliandika shajara ya safari. Safari ile ilikuwa na watu wengi. Sauti yake tunayo kwa sababu aliandika.

Niliwapeleka wanangu Kwihara, kwenye tembe ambako Livingstone na Stanley waliishi mwaka 1872. Binti yangu alizunguka, akatazama, kisha akauliza swali lililonifanya ninunue kaunta buku siku ile ile: "Baba, na waliobeba mizigo yao, majina yao yameandikwa wapi?"

Nondo wa kijivu naye ana habari

Mzazi anaweza kusema, haya ni mambo ya watu wenye nafasi. Mtoto ana mitihani, shamba lina magugu. Naelewa. Lakini kuhesabu nondo kumewahi kuwa suala la chakula mezani, na si mbali na hapa.

Viwavijeshi, wale wanaoweza kumaliza shamba la mahindi kwa siku chache, ni watoto wa nondo mdogo wa kijivu anayesafirishwa na upepo unaotangulia mvua. Wilayani Kilosa, Morogoro, ambako nako misafara ya zamani ilipita jirani, wanakijiji walifundishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kutabiri mashambulizi wenyewe. Vifaa vilikuwa viwili: mtego wenye harufu ya nondo jike unaowavuta madume, na kipima mvua. Mtu aliyechaguliwa na kijiji aliwahesabu nondo, akapima mvua, akaandika. Hesabu ikizidi kiwango na mvua ikiwepo, kijiji kilipewa taarifa ili wakulima wakague mashamba kabla viwavi hawajakua. Hakuna aliyehitaji shahada. Ilihitajika kuhesabu kwa uaminifu, wiki baada ya wiki.

Mwaka 2016 nondo mwingine, mwenyeji wa bara la Amerika, alionekana Afrika Magharibi kwa mara ya kwanza. Ndani ya miaka miwili hivi alikuwa amesambaa karibu nchi zote kusini mwa Sahara. Tanzania aliripotiwa mwaka 2017. Ndiye kiwavijeshi vamizi ambaye wakulima wetu wanapambana naye hadi leo. Kwa sura, mdudu huyo hana mvuto wowote. Ungempita ukutani. Wa kwanza kumtambua ni yule anayejua nondo wa kila siku nyumbani kwake wakoje, kwa hiyo akija mgeni, anamjua kuwa ni mgeni.

Anzeni hivi, leo usiku

Hamhitaji kununua kitu zaidi ya daftari. Sisi tunafanya hivi, usiku mmoja kwa wiki, Ijumaa, kwa muda wa nusu saa.

• Tundikeni shuka jeupe ukutani au kwenye kamba ya nguo, mbele ya taa ya nje. Taa nyeupe huvuta wadudu wengi kuliko ya manjano.

• Andikeni mambo manne kabla ya yote: nini mmeona, wapi, lini (tarehe na saa), na nani aliyeona. Rekodi isiyo na mojawapo ya hayo ni kama cheti kisicho na muhuri.

• Ongezeni hali ya hewa na mwezi. Mwezi ukiwa mkubwa, nondo hupungua kwenye taa. Baada ya mvua ya kwanza huwa wengi.

• Pigeni picha tatu: kwa juu, kwa ubavu, na moja yenye kitu cha kulinganisha ukubwa, kama sarafu au kifuniko cha soda. Msimpige mwanga wa karibu muda mrefu.

• Kama hamjui jina, msibuni. Andikeni "nondo wa kijani, bawa lina duara jeupe". Maelezo ya kweli ni bora kuliko jina la uongo.

• Usiku ambao hakuna aliyekuja, andikeni "hakuna". Ukurasa wenye sifuri nao ni taarifa.

• Mkimaliza, zimeni taa. Watoto huuliza kwa nini nondo huzunguka taa kama mlevi. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kuwa wadudu wa usiku huelekeza migongo yao upande wenye mwanga, kwa kuwa kwa asili mwanga ni wa anga, ulio juu. Taa yetu ikiwa pembeni huwachanganya, wakazunguka hadi wachoke. Tukizima, wanapata njia.

Usalama kwanza. Mtoto avae viatu, kwa sababu taa huvuta wadudu, na wadudu huvuta vyura, nge na hata nyoka. Nguo za mikono mirefu zinasaidia dhidi ya mbu. Malaria bado ipo nasi, na nusu saa inatosha, kisha wote waingie kwenye chandarua. Viwavi wenye manyoya wasishikwe kabisa, kwani wengi wao huwasha na wengine huumiza vibaya. Na kwenye mizinga mtoto haendi, hata akiwa na hamu kiasi gani.

Kuhusu simu na picha

Picha ikibaki kwenye simu pekee, yatakupata yaliyonipata. Ipo programu ya bure ya iNaturalist, ambako mtu huweka picha, mahali na tarehe, na watu wengine wenye ujuzi husaidia kumtambua kiumbe. Kumbukumbu zilizothibitishwa na zenye ruhusa husafiri hadi hifadhi ya dunia ya taarifa za viumbe iitwayo GBIF, ambayo Tanzania inashiriki kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH.

Lakini mzazi, zingatia haya. Akaunti iwe yako. Mtoto wa chini ya miaka 13 haruhusiwi kufungua ya kwake mwenyewe. Ficha eneo kamili la nyumba. Programu ina sehemu ya kuonyesha eneo kwa ukubwa badala ya nukta. Uso wa mtoto, sare ya shule na namba ya nyumba visionekane pichani. Kwa mtoto mdogo kuna programu ndugu yake iitwayo Seek, ambayo haihitaji kujisajili. Na jina linalotolewa na programu lichukuliwe kama dokezo tu. Programu hukosea, hasa kwa wadudu wa kwetu ambao picha zao ni chache.

Bando likiisha, daftari haliishi. Andikeni kwanza, mtume baadaye.

Siku mzee alipokuja na kopo

Tuliwasha taa kila Ijumaa tangu Februari ya mwaka jana. Kwenye kaunta buku kuna nondo wa kijani kama jani la mgomba, kuna weupe wadogo wasio na idadi, kuna kurasa saba zilizoandikwa "hakuna, mwezi mkubwa". Mwenye fuvu hakurudi.

Mwezi Julai, msimu wa kurina, mzee jirani alipiga hodi asubuhi akiwa na kopo la zamani la kahawa. Ndani, juu ya kipande cha gazeti, alikuwepo yeye. Amekauka, bawa moja limevunjika, mwili umepakwa gundi ya nyuki. Fuvu lake lilikuwa bado linaonekana wazi.

"Nimemkuta sakafuni mwa mzinga," mzee alisema. "Hakubahatika."

Binti yangu alikimbilia daftari. Aliandika: nondo mwenye fuvu, mmoja, amekufa. Kisha akasita kwenye "wapi". Alinitazama.

"Baba, tukiandika ni hapa nyumbani, si ni sawa tu? Si alikuja kweli, mwaka ule?"

Nakiri nilitamani kusema ndiyo. Ukurasa ungependeza. Hakuna ambaye angejua. Lakini mtoto anayefundishwa kusogeza nondo mmoja kutoka Sikonge hadi barazani kwake atasogeza na mambo mengine makubwa zaidi. Nikamwambia aandike alipokutwa. Akamuuliza babu: msitu gani, upande gani, mzinga wa magome au wa mbao, siku gani. Mzee alikuwa amemkuta Jumamosi, akamleta Jumatatu. Ikaandikwa Jumamosi.

Kwenye "nani aliyeona", binti akauliza jina lake kamili.

"Mimi tena?" mzee akashangaa. "Mimi nimeleta maiti ya mdudu tu, mjukuu wangu."

"Wewe ndiye uliyemwona, babu. Mimi nimeandika tu."

Akataja majina yake matatu, taratibu, kama mtu anayeandikishwa kwa jambo rasmi. Binti akayaandika yote.

Kisha, bila kuambiwa, akafungua ukurasa wa kwanza kabisa wa daftari, aliokuwa ameuacha wazi, akaandika ya kwetu: "Nondo mwenye fuvu, mmoja, mzima. Ukutani, barazani kwetu. Novemba, siku hatuijui. Picha ilipotea. Alilia."

Bibi alikuwa kwenye mkeka, anachambua mchele. Afya yake imerudi, na kwa sasa yeye ndiye anayewakumbusha watoto kila Ijumaa kwamba shuka halijatundikwa. Aliomba asomewe ukurasa ule. Binti akamsomea.

"Ongeza kwamba na bibi alikuwepo," akasema. "Na mimi nilimwona."